Kreti ya soda ya Welkom

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Katika mbio za pikipiki za dunia, anayeshinda ni mwendeshaji au mashine?" Limenikuta nimekaa kwenye kigoda changu, mikono imejaa grisi, na nimeacha nati mbili za pikipiki ya mteja bila kuzikaza ili niandike jibu hili kwanza. (Nimezikaza baadaye, mwenyewe asiwe na wasiwasi.)

Jibu langu ni mtu. Lakini si kwa sababu mnazozisikia vijiweni, kwamba fulani ana roho ngumu, fulani analaza pikipiki mpaka kiwiko kinakwangua lami. Roho ngumu wanayo wengi. Ingieni wodi yoyote ya mifupa mkawahesabu. Mimi nauzungumzia ulimi. Mwendeshaji hodari ni yule anayeshuka kwenye pikipiki akamweleza fundi kimetokea nini, kimetokea wapi, na kilianza baada ya kufanya nini. Kwenye gereji yangu wakija wateja kumi, tisa watasema "inasumbua tu." Inasumbuaje? "Si utaangalia fundi?" Wa kumi ni kijana wa bodaboda wa Sakina. Huyo anakwambia: "Nikiwa gia ya tatu napanda mlima, resi nusu, inakohoa mara mbili halafu inakubali. Tambarare haifanyi." Ya huyo naimaliza chai haijapoa.

Najua hilo silo mliloniuliza. Vumilieni kidogo.

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2004, masika yamekolea Arusha, nami nilikuwa spanaboi kwenye gereji moja kule Unga Limited. Miaka ile bodaboda hazijajaa mjini. Pikipiki zetu zilikuwa za miradi, za mapadri na za mabwana shamba, Honda XL na Yamaha DT, basi. Bosi wangu alikuwa mtu wa Honda kama wengine walivyo watu wa Yanga. XL ikiletwa aliipokea mwenyewe, akaiwasha, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama anasikiliza kaswida. DT ikiletwa alisema, "Hiyo mpe dogo." Ndivyo nilivyogeuka mtu wa Yamaha. Sikuichagua, nilivutishwa moshi wake mpaka nikaupenda.

Kulikuwa na padri mmoja Mtaliano aliyekuwa akimletea bosi majarida ya pikipiki aliyokwisha kuyasoma. Kwenye majarida hayo ndipo tulipomjua Valentino Rossi, namba 46. Alikuwa ametwaa ubingwa wa daraja la juu miaka mitatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003, yote akiwa na Honda. Na Honda ya wakati ule, RC211V, ilikuwa balaa: mwaka 2003 Honda zilishinda mbio 15 kati ya 16. Halafu huyo Rossi akahama, akaenda Yamaha, ambayo haikuwa imeonja ubingwa tangu Wayne Rainey mwaka 1992, na ambayo msimu wote wa 2003 ilipanda jukwaani mara moja tu, nafasi ya tatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichoka na hisia kwamba pale Honda mashine ndiyo mfalme na mpandaji ni mpangaji tu.

Bosi alicheka wiki nzima. "Mtu anatoka kwenye nyumba ya ghorofa anahamia kwenye banda la kuku, halafu anategemea mvua isimnyeshee." Tukawekeana dau la kreti moja ya soda, chupa 24. Mshahara wangu ulikuwa haufiki huko, lakini nilikuwa na umri wa kutopiga hesabu.

Mbio za kwanza za msimu zilikuwa Welkom, Afrika Kusini, kwenye uwanja wa Phakisa. Tulikwenda baa moja ya Ngarenaro iliyokuwa na dishi. Watu walikuwa wanasubiri mpira. Bosi ikabidi alipie nyama choma ya meza mbili ndipo rimoti ikabadilisha mikono, na hata hapo kuna mzee mmoja alilalamika mpaka mwisho kwamba anaoneshwa nyuki. Umeme ulicheza mara mbili. Kila ukicheza, bosi alikuwa akiniangalia kama nimeukata mimi.

Rossi alianzia mbele kabisa, na nyuma yake kulikuwa na Honda mbili: Max Biaggi, Mtaliano mwenzake ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na Sete Gibernau wa Hispania. Mizunguko 28. Gibernau taratibu akaachwa, wakabaki wale wawili. Sijawahi tena kuona kitu kama kile. Kwenye sehemu iliyonyooka Honda ilikuwa ikivuta, unaiona kabisa inameza umbali, bosi anainuka kwenye kiti. Wakifika kona Rossi anachelewa kushika breki, anaingia, anafungua resi mapema, na tairi la nyuma haliruki. Linasukuma tu. Biaggi anapita, Rossi anarudi. Mimi nilikuwa nimeshika chupa tupu kama mshikio wa resi, na mkono ulikuwa unazunguka wenyewe. Mwishoni walipishana kwa sekunde 0.210. Yamaha mbele.

Baada ya mstari hakwenda kwa mashabiki. Alisimamisha pikipiki pembeni ya njia, akashuka, akaibusu, akaenda kukaa chini peke yake ameinamisha kichwa ndani ya helmeti, mabega yanatikisika. "Analia," bosi akasema. Mimi nikasema anacheka. Tulibishana mpaka nyama ikapoa. Miaka baadaye Rossi mwenyewe alisema alikuwa anacheka, na siku hiyo nilimpigia bosi simu kumweleza hilo tu, nikakata.

Mwaka ule alichukua ubingwa kwa ushindi wa mbio tisa, na 2005 akarudia kwa kumi na moja. Welkom ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mbio za MotoGP, yaani lile daraja la juu, kufanyika Afrika, na sisi tuliziona kwenye televisheni yenye chenga Ngarenaro, sawa na mtu wa Tokyo.

Kwa miaka mingi nimeitumia hadithi hiyo kama nyundo. Mtu akiniambia mashine, namgonga nayo: pikipiki iliyoshindwa, mtu mpya, ushindi siku ya kwanza. Sasa nilipokuwa naandika hapo juu kwamba tairi la nyuma haliruki, kalamu imesita. Kwa nini halikuruka? Kuchelewa kushika breki ni kazi ya Rossi. Tairi kutulia wakati resi imefunguliwa na pikipiki bado imelala, hiyo si kazi ya mkono peke yake.

Ilikuwa hivi. Honda walimkatalia kugusa Yamaha mpaka mkataba wake uishe, kwa hiyo aliijaribu mara ya kwanza Januari 2004 kule Sepang, Malaysia. Mhandisi wa Yamaha, Masao Furusawa, alikuwa amemwandalia injini za aina nne. Sikia hapo: nne. Rossi akapanda moja baada ya nyingine, akachagua yenye valvu nne kwa silinda badala ya tano za zamani, na ambayo pistoni zake hazipigi kwa mpangilio ulio sawa. Kwa injini ya kawaida ya silinda nne, pistoni zinapanda na kushuka kwa jozi, na uzito wake unaifanya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ivute na kulegea ndani ya kila mzunguko, hata kama resi hujaigusa. Fujo hiyo inafika mpaka kwenye tairi, na mkono unashindwa kujua kipi ni nguvu ya petroli na kipi ni uzito wa vyuma. Furusawa aliigawa ile krenki robo kwa robo, fujo ikajimaliza yenyewe, kikabaki kile mkono ulichoagiza. Bosi wangu na bisibisi yake sikioni angemwelewa Furusawa bila mkalimani.

Kwa hiyo Rossi alichagua, sawa, na alichagua vizuri. Alikuja pia na fundi wake mkuu, Jeremy Burgess wa Australia, aliyehama naye kutoka Honda. Ulimi wake ulikuwa na sikio la kuusikia. Lakini huwezi kuchagua ambacho hakijafuliwa.

Na kuna upande wa pili ambao nimekuwa nikiuruka kila nikihadithia. Mwaka 2011 Rossi alihamia Ducati, kampuni ya kwao Italia, na Burgess yuleyule. Misimu miwili hakushinda hata mbio moja. Alipanda jukwaani mara tatu, akafunga virago. Ulimi ulikuwa uleule, na uzoefu umeongezeka. Alisema kila alichokiona, wakambadilishia hadi fremu, kutoka ya nyuzi za kaboni hadi ya aluminiamu, na tairi la mbele likaendelea kumtupa. Mtetezi wa mwendeshaji atanijibu kwamba Casey Stoner alikuwa bingwa na Ducati mwaka 2007, na alishinda mbio tatu nayo 2010, mwaka mmoja tu kabla. Ni kweli. Ila Stoner huyo alipohamia Honda 2011 akawa bingwa tena mara moja. Kila ushahidi kwenye kesi hii una makali pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja kwa miaka ishirini.

Tuje kwa siku hizi. Tangu 2016 timu zote zinatumia programu moja ya kompyuta ya injini na tairi za Michelin, eti ili watu wapimane. Nini kikafuata? Wakahamia kwenye mabawa ya kukandamiza pikipiki chini na vifaa vya kuishusha wakati wa kuondoka. Mwaka 2024 Ducati zilishinda mbio 19 kati ya 20. Iliyobaki ilichukuliwa na Maverick Viñales na Aprilia yake kule Austin. Waendeshaji wa Ducati wote wawe wamezaliwa na vipaji kwa mpigo? Wenye mashindano wenyewe wameliona hilo, ndiyo maana kuanzia 2027 injini zinashushwa kutoka cc 1000 hadi 850 na vile vifaa vya kushusha pikipiki vinapigwa marufuku.

Nikiwa karibu kukubali kushindwa, nakumbuka 2025. Marc Márquez na Francesco Bagnaia walikuwa timu moja ya Ducati, mashine za aina moja. Márquez alitangazwa bingwa Septemba kule Motegi, mbio tano zikiwa bado. Bagnaia, bingwa wa 2022 na 2023, alimaliza wa tano, akilalamika karibu mwaka mzima kwamba hasikii tairi la mbele. Wa pili akawa Álex, mdogo wake Marc, kwenye Ducati ya mwaka uliopita. Hapo mashine imesema nini? Au niseme, imesema na nani?

Basi mkinilazimisha nichague neno moja la kuchapa, na najua nilianza vingine, andikeni mashine. Mashine kwanza, ndiyo inayoamua ni watu wangapi wana ruhusa ya kushinda Jumapili hiyo. Kati ya hao, mtu. Isipokuwa siku ya mvua, siku hiyo niulizeni upya. Na isipokuwa kama aliyeitengeneza mashine alimsikiliza mwendeshaji, maana hapo sijui tena niiandike kwenye daftari la nani.

Bosi amestaafu, yuko Usa River, anafuga. Siku ya pili baada ya Welkom alinilipa dau, lakini aliniletea nusu kreti. Nikamuuliza zingine ziko wapi. Akasema, "Hizo kumi na mbili ni za fundi aliyeitengeneza ile injini. Akija nitampa." Nilimnunia wiki mbili, na kila nikimtembelea huwa namkumbusha deni langu mbele ya mkewe. Jumapili hii naenda tena kumsalimia. Nadhani nitanyamaza.

Msomaji wenu,
Fundi pikipiki, Arusha