Jina letu la ukoo ni la Kizungu, baba yake baba wa babu alikuwa nani hasa?

SWALI: Shikamoo mhariri, natumai mko salama huko. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa. Baba mzaa babu yangu alikulia Freretown, akabatizwa hapo na akazikwa hapo hapo, na jina la ukoo tunalotumia mpaka leo ni la Kizungu kabisa, ukilisikia kwa simu utadhani unaongea na mtu wa London. Sasa shangazi yangu ana kile kikebe cha kipande (kitambulisho cha enzi za mkoloni) cha marehemu, na karatasi ya ndani imeandikwa Feruzi, lile jina la Kizungu halipo kabisa. Kuhusu baba yake kuna hadithi tatu: wengine wasema alikuwa mmishenari mzungu ndo tukapata hilo jina, wengine wasema alikuwa Myao aliyetolewa kwenye jahazi la watumwa, na bibi mmoja kabla hajafa alisema mama yake marehemu alikuwa suria wa Mwarabu mjini akatoroka na mimba. Yeye alizaliwa kama 1885 hivi. Nianzie wapi?
Kitukuu, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, manake watu wa Freretown wanaouliza hili ni wengi na wengi wao wameshakata tamaa kwa sababu walianza kulisaka lile jina la Kizungu. Wewe usianze nalo. Kwa Mmisheni wa enzi hizo jina la Kizungu halisemi kitu kuhusu damu. Kijiji kilianzishwa 1875 na wamishenari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha Waanglikana wa Uingereza), kikapewa jina la Sir Bartle Frere, ofisa wa Uingereza aliyepinga biashara ya watumwa, na waliowekwa hapo wengi walikuwa mateka waliookolewa baharini na manowari za Waingereza, wengine watoto wadogo wasioweza hata kuonyesha kwao ni upande gani, na mtu akibatizwa anatoka kanisani na jina jipya. Mwangalie Chengwimbe, Myao aliyelelewa na wamishenari kule Nasik, India, akawa Matthew Wellington, akawa mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone, yule mmishenari na mpelelezi, mpaka pwani, akaishi Mombasa mpaka alipofariki 1935. Hamna mtu aliyewahi kusema baba yake alikuwa Mzungu anayeitwa Wellington. Kwa hiyo hadithi ya mmishenari siikatai, lakini kama inasimama kwa jina peke yake basi haijasimama.

Mimi ningeshika Feruzi. Sheria ya vipande ilipitishwa 1915 ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu, karibu 1920, yaani marehemu alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mbatizwa tayari, na karani alipomuuliza unaitwa nani akajibu Feruzi. Hilo ndilo jina walilomwita nyumbani. Sasa Feruzi lilikuwa jina la kawaida sana kwa watumwa na mahuru wa pwani, kama Mabruki au Baraka, na linaweza kuwa lake mwenyewe au la baba yake, manake watu wengi waliitwa kwa jina la baba mpaka likaganda likawa lao. Mwombe shangazi (kwa upole, usikichukue hicho kikebe, ni chake) akuruhusu upige picha karatasi pande zote mbili, na usome kila mstari, hasa kabila lililoandikwa na majina ya waajiri. Ukikuta Yao au Nyasa usikimbilie kusema tumepata, makarani na wamishenari waliwaita hivyo watu wengi waliopitia Kilwa, bandari ya watumwa kusini, hata kama kwao ni kwingine.

Alafu uende kanisani ukaombe kuona rejista ya ubatizo, na hapa ndo nataka utulie. Mwaka fulani nilikaa siku nne na rejista ya zamani ya kanisa moja nikimtafuta bibi yangu upande wa mama, wino umeshageuka rangi ya chai, na nikawa napita tu nikitafuta jina lake, siku ya nne ndo nikagundua nilimpita siku ya kwanza, aliandikwa kwa jina la utoto na herufi mbili zimekosewa. Kwa hiyo Feruzi itafute pia kama Firuz, Ferooz, Feruse, vyovyote sikio la Mwingereza lilivyosikia. Kisha angalia alibatizwa akiwa mchanga au akiwa mkubwa. Mtoto mchanga kwa kawaida anaandikwa na wazazi wake, kwa hiyo kama mama yupo na nafasi ya baba iko wazi, hiyo nafasi wazi ni habari, inaelekea mama alikuja peke yake. Kama wote wawili hawapo, na yeye alikuwa mkubwa, basi labda aliletwa akiwa mtoto asiye na mtu. Andika na majina ya wasimamizi wa ubatizo, saa zingine jina la ukoo linatoka hapo. Na usiishie kwenye ubatizo, tafuta ndoa yake, vyeti vya ndoa vya mtindo wa Kiingereza vinamuuliza bwana harusi jina la baba yake na kazi ya baba yake, na hapo anayejibu ni yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, si mama wala kasisi.

Ile hadithi ya bibi, ya suria, ndo wengi wenu mnaionea aibu mnaiweka mwisho, na mimi naona ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuacha karatasi. Miaka hiyo ya 1880 watoro wengi walikimbilia misheni, hasa Rabai, kituo cha CMS karibu na Mombasa, mpaka mabwana zao mjini wakakasirika kweli kweli, na Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza (Imperial British East Africa Company), akakubali kuwalipa fidia, hati za uhuru zikatolewa tarehe 1 Januari 1889 kwa watu zaidi ya 1,400. Huwezi kumlipa bwana bila kuandika mtoro ni nani na bwana ni nani. Kama mama alitoroka akiwa na mimba karibu 1885, jina lake linaweza kuwa humo, na la huyo bwana pembeni. Na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake ni huru na ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo huko mjini pia huenda kuna familia inayokumbuka kwamba kuna mwanamke aliondoka na mtoto wao tumboni. Mama mtafute kwa bidii ile ile unayomtafutia baba. Sisi tunapenda kufuata majina ya wanaume tu, na hapa mwenye kujua ukweli alikuwa mwanamke.

Karatasi za CMS zenyewe, barua na shajara za wamishenari, ziko chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwenye maktaba ya Cadbury, mafaili ya mwanzo yana alama C A5 na ya kuanzia 1880 G3 A5, unaweza kuwaandikia imeli. Nairobi nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue uulizie mafaili ya Pwani. Kama njia ya jahazi ndo itapata nguvu, basi ni Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, kwenye karatasi za ubalozi wa Waingereza. Ripoti za manowari ziko London, Nyaraka za Taifa za Uingereza, kwenye mafaili yenye alama FO 84, lakini usiweke moyo sana huko, mara nyingi wamehesabu tu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, bila jina hata moja, na kwa kweli inauma kusoma.

Kuhusu DNA, ndio, inaweza kusaidia hapa. Kama wewe ni mwanamume na mstari ni baba kwa baba bila kukatika, kipimo cha kromosomu ya Y (ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu) kitaonyesha huyo baba wa mbali anaangukia upande wa Ulaya, wa Arabuni au wa Afrika, na kama kweli alikuwa Mzungu wewe ungebeba kama asilimia 6 ya damu yake. Ila kabla hujapima kaa na shangazi na wazee uwaambie unachotafuta, manake jibu likija ni la wote.

Ukishaipata rejista usinitumie mstari wake peke yake. Piga picha ukurasa mzima, juu mpaka chini, na ule wa nyuma yake, tuone nani alibatizwa naye siku moja na nani mwingine alipewa hilo jina lenu.