Ukikokotoa joto la gesi bombani, anza na mpaka

Wanafunzi wa fildi hapa Mtwara wakiniletea mahesabu ya joto la bomba, siangalii jibu kwanza. Nauliza: mpaka wa kipande unachokipigia hesabu umechora wapi, nini kinaingia, nini kinatoka? Wengi wamepigia hesabu gesi tupu na joto linalopotelea ardhini, basi. Mvuke uliogeuka maji njiani haumo.

Gesi ya visima vya Mnazi Bay, huku Mtwara, karibu yote ni methani, hivyo kimiminika cha kuogopa ni maji. Ndiyo maana hukaushwa kwenye mtambo wa Madimba kabla ya kuingia bomba la inchi 36 liendalo Dar es Salaam. Sasa chukua kilo 1 ya gesi ambayo bado haijakaushwa. Gramu 1 tu ya mvuke ikigeuka maji humo, inaachia takriban kilojuli 2.4. Gesi yenyewe, ili ipande digrii 1, inataka kama kilojuli 2.3. Ukiiruka gramu hiyo, karatasi yako itaonyesha gesi ya baridi kuliko iliyomo bombani, kwa digrii nzima.

Kwa hiyo fanya mizania kwa enthalpia, yaani nishati ya ndani ya kitu pamoja na ile ya presha yake, usifanye kwa nyuzijoto peke yake. Chukua ya gesi, mvuke na maji vinavyoingia, toa ya vinavyotoka. Tofauti ndiyo joto lililopita kwenye ukuta wa bomba. Wajanja nao hujikwaa hapa: programu ikishakupa enthalpia ya mchanganyiko wote, joto fiche, lile linaloachiwa mvuke ukigeuka maji, limo tayari. Ukiliongeza pembeni, umelihesabu mara mbili. Nimeliona hilo hata kwenye ripoti zenye muhuri.

Kwenye valvu ya kupunguza presha, usihangaike kutafuta joto lililotoka nje. Enthalpia inabaki karibu ileile, na gesi inapoa kama nusu digrii kwa kila bar (kipimo cha presha) inayoshuka. Kutoka bar 70 hadi 40 ni digrii 15 hivi. Msimu wa mvua, hewa ya bahari ikiwa nzito, bomba baada ya valvu hutoka jasho kama chupa ya soda, maji yakachuruzika mpaka kwenye boliti. Mlinzi mmoja alinijia mbio: “Bosi, linavuja!” Halivuji, ila jasho hilo linaingiza joto bombani, kwa kipande kilicho wazi lihesabu. Kwa bomba lililozikwa achana nalo, pima joto la udongo kwenye kina cha bomba.

Na usingoje kipimo cha joto kisome 0 ndipo uhofie kuganda. Kwenye bar 40, methani na maji hushikana kuwa haidreti, vipande vigumu mithili ya barafu, tangu nyuzi 4 hivi kushuka chini.