Mnaoanza kurekodi stirio, inputi kwanza

Wadau mnaoanza, hili la stirio linasumbua wengi na wala halitaki mashine za bei mbaya, ni kuelewa tu kwamba treki ya stirio ina chaneli mbili, kushoto na kulia, na kila moja lazima ipate kitu chake. Maiki moja ni mono, yaani chaneli moja tu. Ukimrekodi mwimbaji kwa maiki moja afu ukafungua treki ya stirio yenye inputi 1 na 2 (matundu ya kuchomekea waya kwenye kifaa cha kurekodia), sauti yote inakaa sikio la kushoto, kulia kimya, na mtu anaanza kulaumu hedifoni bure. Mwimbaji mfungulie mono, chagua inputi 1, basi, atasikika katikati.

Kinanda ndo stirio yenyewe. Chukua waya mbili, L iende inputi 1, R iende inputi 2, na usichomeke L peke yake maana vinanda vingi vikiona waya moja vinachanganya pande zote na kukupa mono. Geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) zilingane, afu piga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, unazopiga kwenye wimbo, kwa nguvu ile ile, huku unaangalia mita. Mi naacha vilele vicheze kati ya -12 na -6 dB, ukirekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi) hakuna haja kabisa ya kusukuma mpaka juu.

Gita la kawaida kwa maiki mbili ni tamu sana ila hapo kuna feizi, yaani sauti ikiwahi maiki moja ikachelewa nyingine, ukizijumlisha kuna sehemu za sauti zinafutana. Anza kwa kukutanisha vichwa vya maiki, karibu vigusane, kimoja kitazame kushoto kingine kulia, pembe ya nyuzi 90. Rekodi kipande kifupi, weka masta (chaneli ya mwisho inayojumlisha treki zote) kwenye mono, usikilize. Gita likiwa jembamba ghafla sogeza maiki hapo hapo, usingoje plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) ije ikuokoe.

Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata, weka sampuli 128 ukirekodi, kompyuta ikikwama panda 256.

Na kitu kimoja hakisemwi sana: kwenye programu nyingi pani (nobu ya kupeleka sauti kushoto au kulia) ya treki ya stirio ni balansi tu, ukiizungusha kushoto inapunguza upande wa kulia, haiuhamishi, kwa hiyo kama unataka kinanda chote kikae kushoto bila kupoteza noti tafuta pani ya pande mbili, ile yenye nobu mbili.