Nilivyojifunza Kunyambua Kiingereza kama Ninavyonyambua Kiswahili

Wiki iliyopita binti mmoja wa Tabora aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimesikia umefaulu ule mtihani, hongera. Mimi nimekariri viambishi vyote vya Kiingereza, lakini nikilikuta swali vinanipotea. Juzi mwalimu kanikata 'unuseful' na sijaelewa kosa liko wapi. Wewe ulifanyaje?" Nikamjibu kwa mistari miwili, kisha usiku nikaona sikumtendea haki. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna kidonda.

Ndiyo, nimefaulu. Nimepata 174 katika B2 First, mtihani wa Kiingereza wa Cambridge, ambao kufaulu kwake kunaanzia 160. Nalitaja hilo kwa fahari, kwa sababu mara ya kwanza nilipata 158. Alama mbili tu! Nikapewa cheti cha ngazi ya chini yake, B1, nikakiweka chini ya godoro.

Lakini safari haikuanzia kwenye mtihani. Ilianzia kwenye ubao wa matangazo wa ofisi moja ya wakala wa forodha, Dar es Salaam, nilikokuwa karani. Mzigo wa mteja ulichelewa, nami nikamwandikia barua pepe kumwomba radhi, nikasema ofisi yetu ilikuwa "unresponsible". Bosi akaichapa ile barua, akalizungushia neno lile kalamu nyekundu, akaibandika ubaoni. Nilipoingia asubuhi nilikuta wenzangu wamesimama pale wanacheka. Kwa miezi kadhaa hilo ndilo likawa jina langu. Katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyenivuta pembeni akaniambia neno sahihi ni lipi. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoamua kufanya mtihani, niliuendea kwa hasira. Nikanunua kauntabuku, nikachora safu: un-, in-, dis-, mis-, over-, kisha -ness, -ment, -tion, -ity, -ous. Nikakariri ndani ya daladala kutoka Gongo la Mboto hadi Posta, asubuhi na jioni. Kuna sehemu ya mtihani ambapo unapewa kifungu kifupi chenye nafasi 8 za kujaza, na pembeni ya kila nafasi kuna neno kwa herufi kubwa ambalo lazima ulibadilishe liingie kwenye sentensi. Ukikosea herufi moja ya tahajia, umeikosa alama. Katika mazoezi nilikuwa napata 3, nikijitahidi sana 4. Safu zote nilikuwa nazo kichwani, ila sikujua ipi inakwenda na neno lipi.

Kilichonifungua macho ni kazi ya shule ya mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. "Mama mdogo, nisaidie, tumeambiwa tunyambue 'soma' na tuunde nomino." Nikamtajia bila kufikiri: somea, someka, somesha, someshwa, msomi, msomaji, usomaji, somo, kisomo. Halafu nikanyamaza. Hii si ndiyo kazi ileile inayonishinda kwa Kiingereza? Na nani aliwahi kunipa orodha ya viambishi vya Kiswahili nikariri? Hakuna. Nililijua neno "msomaji" kwa sababu nilisikia watu wakisema msomaji wa taarifa ya habari. Neno lilinijia likiwa ndani ya sentensi, pamoja na ndugu zake.

Usiku ule nilichukua kauntabuku na kuanza upya. Nikagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza. Kwa Kiswahili tunasema mti mrefu, lakini njia ndefu. Mti mbovu, na nyumba mbovu, si "nbovu". Sauti ya n ikikutana na l, r au b, kitu kinabadilika ili ulimi upate wepesi: ulimi, ndimi, ubavu, mbavu. Kiingereza nacho kinafanya hivyohivyo. Kiambishi in- cha kukanusha kikikutana na p, b au m kinakuwa im-: impossible, imbalance, immature. Kikikutana na l kinakuwa il-: illegal, illogical. Kikikutana na r kinakuwa ir-: irregular, irrelevant, irresponsible.

Irresponsible. Neno langu la ubaoni. Nililia, sioni haya kusema.

Sasa utauliza, mbona "unreal" na "unpopular" hazibadiliki? Kwa sababu in- imetoka Kilatini na ilikuja na tabia yake, wakati un- ni mali ya Kiingereza chenyewe tangu zamani, haijali imekutana na herufi gani. Kujua tu kwamba mmoja ni mgeni na mwingine ni mwenyeji, kila mmoja na mila yake, kulinipunguzia makosa mengi. Na mdogo wangu, jihadhari na "invaluable". Ukiiona in- ile utadhani ni kitu kisicho na thamani, kumbe ni kile ambacho thamani yake haikadiriki.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa ni kurudia tu. Kila siku mzizi mmoja. Siku ya "compete", kwa mfano, nilipata compete, competition, competitor, competitive, competitively, uncompetitive. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, sentensi moja kwa kila neno, na sentensi iwe ya maisha yangu. Niliandika: "My mother's shop is competitive because she opens at five." Mama hufungua genge lake saa kumi na moja alfajiri kweli, kwa hiyo lile neno siwezi kulisahau, limekaa pale pamoja na nyanya zake.

Kwenye swali lenyewe, usikimbilie kiambishi. Soma sentensi mpaka kwenye nukta. Jiulize panatakiwa nomino, kivumishi au kielezi. Kisha jiulize kama maana ni ya kukubali au kukanusha, maana hapo ndipo nilipopoteza alama nyingi. Tazama hii: "The waiter was so ____ that we left before the food came." Neno la pembeni ni POLITE. Mtu mwenye haraka ataandika "politely". Aliyesoma mpaka mwisho anaona wateja wameondoka kabla ya chakula, anaandika "impolite". Halafu tahajia: happy inazaa happiness, argue inaangusha e na kuwa argument, true nayo inakuwa truly, na -ful ina l moja.

Acheni kukariri orodha, ndugu zangu. Narudia, acheni. Andikeni sentensi. Na wewe uliyejaliwa kujua kabla ya mwenzako, ukimwona amekosea mwambie neno sahihi kwa upole, usimbandike ubaoni. Mtu aliyechekwa huacha kuandika, na asiyeandika hajifunzi. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima siandiki barua pepe ya Kiingereza bila kumwomba mtu anisomee kwanza. Mwaka mzima wa kunyamaza kwa sababu ya herufi mbili.

Sasa "unuseful" yako, mdogo wangu wa Tabora. Kosa lako lina akili ndani yake: ulijua un- inakanusha. Ila maneno mengi yenye -ful yana pacha wake wa -less ambaye ameshakalia kiti hicho: useful na useless, careful na careless, harmful na harmless. Si yote, lakini. Grateful hukanushwa kwa ungrateful. Na helpful ina wawili wenye maana mbalimbali: unhelpful ni asiyetaka kumsaidia mtu, helpless ni asiyeweza kujisaidia mwenyewe.

Leo usiku chukua mzizi "use". Toa user, useful, useless, usefulness, misuse, reuse, reusable, overuse. Andika sentensi nane za huko kwenu, za maembe, za asali, za treni inayochelewa, za chochote unachokijua. Nitumie. Nitakusahihishia kwa kalamu ya bluu.