Ukiitwa Tena Dukani Baada ya Kutia Saini Mkataba wa Gari

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio. "Kaka," alisema, "nimechukua gari kwa lizi siku kumi zilizopita, nimetia saini kila karatasi, na nimeshakwenda nalo kanisani mara mbili. Leo wale wa dukani wamenipigia, wanasema kuna makosa kidogo kwenye mkataba, niende Jumamosi nikatie saini upya. Niende?" Nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huku Minnesota, Marekani, nikasikiliza ujumbe huo mara mbili nikiwa nimesimama koridoni. Maneno hayo ya "makosa kidogo kwenye mkataba" mimi pia nimewahi kuambiwa, tena mara mbili, na mara ya kwanza yalinigharimu dola 1,368.

Kwa ndugu walioko nyumbani, lizi ni mkataba wa kukodi gari jipya kwa muda mrefu, mara nyingi miezi 24 au 36. Hulipii bei nzima ya gari. Unalipia kiasi ambacho thamani yake inashuka katika miezi hiyo, pamoja na gharama ya fedha iliyotumika kulinunua, kisha unalirudisha. Unapangiwa pia idadi ya maili kwa mwaka, na kila maili inayozidi unailipia. Sisi tulio huku tunaipenda lizi kwa sababu tunazozijua wenyewe: malipo ya mwezi ni madogo, gari haliharibiki ovyo wakati wa theluji, na hakuna asiyewahi kutamani kupiga picha kando ya gari linalonukia upya na kuituma kwenye kundi la familia.

Mwaka 2017 nilikuwa na tamaa hiyo kuliko wengi. Nilichukua gari la miezi 36 kwa dola 289 kwa mwezi, na gari langu kuukuu nikaliacha pale dukani likakatwa kwenye bei. Siku ya saba nikapigiwa simu. Meneja wa fedha alinikaribisha kwa kahawa, akaniuliza habari za watoto, kisha akaniwekea mezani karatasi zilizokwisha kubandikwa vile vibandiko vya njano vyenye mshale, kila mshale ukielekeza mahali pa saini. Alisema kampuni ya fedha, ile inayogharamia lizi, haikuukubali mkataba wa kwanza na kwamba malipo yatakuwa dola 327. Nilipouliza habari za gari langu kuukuu, akajibu kwamba limeshauzwa.

Mimi nimelelewa Tanga, na nimefundishwa kwamba mtu aliyekukaribisha na kukupa kinywaji humkatalii usoni. Nilitia saini kwa dakika zisizozidi ishirini, nikamshukuru, na nikampa mkono. Tena alichukua nakala yangu ya mkataba wa zamani, akaipitisha mbele yangu katika mashine ya kukatakata karatasi, akisema isije ikanichanganya. Sauti ya mashine ile sijaisahau. Kila mwezi kwa miaka mitatu nililipa dola 38 za ziada, na kila mwezi niliikumbuka kahawa ile. Hadi leo sijui kama kweli kampuni iliukataa mkataba, kwa sababu sikuomba hata kipande cha karatasi cha kulithibitisha hilo.

Miaka iliyofuata naipita haraka; nilifanya kazi, nililipa, nilirudisha gari, nikasoma. Ndiyo, nilisoma, na watu wa nyumbani mwangu walinicheka kwa kusoma maandishi madogo ya mikataba kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Novemba 2023 nilichukua gari jingine katika duka tofauti: miezi 36, maili 12,000 kwa mwaka, dola 341 kwa mwezi. Siku ya tisa simu ikalia. Safari hii sababu ilikuwa nyingine. Walikuwa wamenipa punguzo la dola 1,500 linalotolewa kwa wateja ambao tayari wana gari la chapa ile ile, nami sikuwa nalo. Kwa hiyo malipo yapande hadi dola 386. Sikuwa nimeomba punguzo hilo, wala sikuwa nimesema uongo wowote. Waliliandika wao. Kampuni inayotoa punguzo hilo ilipogundua kosa, iliwadai wao fedha hizo, na wao wakaja kuzitafuta mfukoni mwangu. Ukizidisha dola 45 kwa miezi 36 unapata dola 1,620.

Nilikwenda, lakini nilikwenda kusoma na si kutia saini. Vibandiko vya njano vilikuwepo tena. Nilichokiona kwanza ni tarehe: mkataba mpya ulikuwa umeandikwa tarehe ya siku niliyolichukua gari, siyo ya siku ile. Kisha nikaangalia maili. Karatasi ilisema gari lina maili 11, ilhali nje ya dirisha gari lenyewe lilikuwa na maili 430 na tope la barabara kuu ubavuni. Nilimwonyesha meneja kwa kidole, akanyamaza kidogo, akasema ni utaratibu wa kawaida. Nikamwambia kwa upole kwamba siwezi kuweka jina langu chini ya tarehe isiyo ya kweli, nikaomba nakala ya karatasi alizoniandalia, akakataa kunipa, nikainuka. Kahawa sikuinywa.

Nikiwa ndani ya gari, kabla sijaondoka, nilipiga simu katika kampuni inayolimiliki gari. Jambo hili wengi hawalijui: duka linaandika mkataba, halafu linauhamishia kampuni ya fedha, na kampuni hiyo ndiyo inayokuwa mmiliki wa gari na mpokeaji wa malipo yako. Mkataba ukishapokelewa huko, duka pekee halina uwezo wa kuubadilisha. Yule mama wa kwenye simu alinisomea namba ya akaunti na kiasi cha malipo: dola 341. Mkataba ulikuwa umeshaingizwa siku nne kabla.

Jioni hiyo niliwaandikia barua pepe ya sentensi mbili: "Naomba mnieleze kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba tuliotia saini kinachowapa haki ya kuubadilisha. Hadi nitakapopata maelezo hayo, nitaendelea kulipa kama ulivyoandikwa." Walipiga simu mara tatu zaidi. Katika simu ya mwisho kijana mmoja alinitishia kwamba wataleta bredauni waje kulivuta gari. Nilimwomba aniandikie hilo pia. Hakuniandikia, na gari lile lile ninaliendesha mpaka leo kwa dola 341. Nakiri kwamba ninapolipa huwa natabasamu.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa Columbus, na kwa kila mmoja wetu anayedhani kwamba kukataa ni utovu wa adabu. Usitie saini. Kabla ya yote, tafuta katika bahasha uliyopewa kama kuna karatasi inayosema kwamba makabidhiano ni ya muda hadi mkopo upitishwe. Karatasi hiyo ikiwepo, na kampuni imekataa kweli, duka linaweza kuwa na haki ya kuvunja mkataba. Lakini kuuvunja si sawa na kukulazimisha uingie katika mwingine. Dai urudishiwe malipo ya awali na gari lako kuukuu, na usikubali jibu la "limeshauzwa" kama mimi nilivyolikubali. Wakisema umekataliwa mkopo, omba barua ya kukataliwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayokataza ubaguzi katika mikopo inamtaka mkopeshaji anayekataa ombi akujulishe ndani ya siku 30 na akupe haki ya kujua sababu. Ningeijua sheria hiyo mwaka 2017, nisingeiogopa ile mashine ya kukata karatasi.

Ipo pia sheria ya mwaka 1976 ya ukodishaji wa bidhaa kwa watumiaji. Kwa lizi za kawaida za zaidi ya miezi minne, inataka gharama zote, pamoja na jumla ya malipo yote, ziwekwe wazi kwa maandishi kabla hujatia saini. Maana yake ni kwamba duka lilikuwa na wakati wake wa kupiga hesabu. Wala usidanganywe na wala usijidanganye kuhusu zile siku tatu za kubadili nia ambazo watu wetu huzitaja kila mara kwenye sherehe: kanuni hiyo ya shirikisho haihusu gari ulilolichukua katika duka la kudumu la muuzaji. Huwezi kulirudisha kwa sababu tu umejuta, na kwa haki hiyo hiyo, wao nao wasikubadilishie kwa sababu wamejuta.

Sisemi kila ombi ni hila. Jina likikosewa herufi, au namba ya chasisi ikikosewa tarakimu moja, litengeneze, maana kosa hilo litakusumbua hata wewe kwenye bima. Na nukta ikiwekwa pabaya, ukaandikiwa dola 34.10 badala ya 341, usitegemee mahakama ikuunge mkono katika kosa linaloonekana wazi hivyo. Lakini weka mikataba miwili sambamba mezani na uilinganishe tarakimu kwa tarakimu: malipo ya mwezi, idadi ya miezi, maili, thamani ya gari mwishoni, na ile namba ndogo ya gharama ya fedha (kwa Kiingereza "money factor"), kama 0.00210, ambayo ukiizidisha kwa 2,400 unapata takriban asilimia ya riba, hapa 5.04. Kimoja kikibadilika bila maelezo, usitie saini. Nimeshasema, na nitarudia: usitie saini siku hiyo, usitie saini kwa sababu ya kahawa, usitie saini kwa sababu mtu mzima amekuangalia kwa huzuni.

Dada, kesho asubuhi piga simu kwanza katika kampuni ya fedha; namba yake imo kwenye mkataba wako. Uliza kama wameupokea na ni kwa malipo ya kiasi gani, na uandike jina la aliyekujibu na saa. Kama ni lazima uende Jumamosi, nenda na fotokopi. Ule mkataba wenyewe uache nyumbani, ndani ya droo.