Mada ziko kwenye ungo

Juzi mdogo wangu mmoja wa Makambako kaniandikia: "Shikamoo dada. Nashinda nyumbani na watoto, sioni cha kutunga. Wewe mada unazitoa wapi?"

Marahaba. Nazitoa kwenye ungo.

Najua wengi mnaonisoma mnatamani lililonipata mwezi uliopita, shairi kusomwa redioni na watu kupiga simu kuliulizia. Basi lile halikuhusu Ziwa Ngosi wala mlima Loleza. Ngosi kila mtunzi wa Mbeya keshalitungia, na wengine hata kufika hawajafika. Langu ni la kupeta mchele wa Kyela, Julai, baridi ya Uyole inauma vidole:

Napeta mchele wangu,
Chuya naziweka fungu,
Mkono wa mama yangu
Ndio unaoupeta.

Nilikuwa natoa chuya tu, nina haraka ya kubandika. Mara nikaona nimeuinamisha ungo kushoto, vilevile kama marehemu mama, na hakuwahi kunifundisha. Mstari wa tatu ukaja wenyewe. Sikuandika "nakukumbuka mama". Hapo ndipo wengi mnaharibu: mnataja huzuni kwa jina, msomaji hata ungo hajauona.

Kuna jaji wa shindano fulani aliwahi kusema mbele ya watu kwamba yangu ni "mashairi ya jikoni". Ukumbi mzima ukacheka. Nilipanda daladala machozi yananitoka, na kile kicheko bado nakisikia, sidanganyi. Mwana Kupona, mshairi wa zamani, alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na mle ndani kuna hadi mume kupepewa akilala. Mpaka leo unasomwa. Ya huyo jaji yanasomwa wapi?

Kwa hiyo anza na utenzi. Ubeti mistari minne, kila mstari mizani nane, yaani silabi nane. Vina, yaani silabi za mwisho wa mstari, vya mistari mitatu ya kwanza vifanane. Kina cha mstari wa nne kiwe hichohicho hadi ubeti wa mwisho. Mizani nane utaihesabu huku unafua, kalamu ya nini? Tazama mikono inafanya nini. Ukikwama, itazame tena.

Na muache kusubiri utulivu, wanawake wenzangu. Mtoto analia, maharage yanakauka, tunga hivyohivyo. Mungu hakukupa kipaji ukilaze. Kuchati mnachati mpaka usiku wa manane, ubeti mmoja ndio unawashinda?