Koko ananikanda, lakini mguu unakufa ganzi

«Tantine, niko mama wa watoto wanne hapa Kadutu, Bukavu. Koko mmoja, bibi mzee jirani yetu, ndiye ananikanda tangu uzazi wa kwanza. Ni kama mama aliyenizaa. Sasa mgongo unauma na maumivu yanateremka mguu wa kushoto. Koko akinikanyaga kiunoni kwa kisigino kama zamani, siku mbili mguu unakufa ganzi mpaka kidole kidogo. Munganga wa hospitali amesema diski, ile nyama laini kati ya mifupa ya mgongo, imetoka, nisikandwe tena. Koko amesikia, amenuna. Nimwache?»

Pole, mama. Koko usimwache. Kisigino chake ndicho kiondoke mgongoni mwako, na hilo umwambie wewe mwenyewe, si majirani.

Ganzi inayofika kidole kidogo inaonyesha kuwa mshipa wa fahamu unaotoka chini kabisa ya kiuno umebanwa, kama munganga alivyosema. Uzito wa mtu juu ya mfupa haurudishi diski mahali pake. Unachokoza sehemu iliyokwisha kuvimba. Kwa hiyo kukanyagwa, kupindwa kiuno mpaka kilie, na kuvutwa mguu ukiwa umenyooka, vyote viishe. Huo wa kuvuta mguu watu wanausahau, kumbe ndio unaonyoosha mshipa uliokasirika.

Kabla ya lolote, jipime nyumbani. Shika ukuta, simama kwa ncha ya vidole vya mguu mmoja, kisha wa pili. Halafu tembea hatua kumi kwa visigino. Mguu ukishindwa kuinuka au unyayo ukiburuta chini, rudi hospitali wiki hii. Na ukipata ganzi kati ya mapaja pale unapokalia, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, choo kikikuponyoka, au miguu yote miwili ikilegea, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Tafuta gari kama lipo, maana pikipiki kwenye mashimo ya Bukavu haimfai mgonjwa wa mgongo.

Mwulize pia munganga alikataza nini hasa: kila mkono, au kukandamizwa kwa nguvu? Akiruhusu mkono mwepesi, Koko bado ana kazi. Lala ubavu, mto kati ya magoti. Apake kijiko kimoja au viwili vya mafuta, atumie kiganja badala ya ncha za vidole, apite kwenye nyama za pande mbili za uti wa mgongo, upana wa vidole vitatu kutoka mfupani, na matakoni. Dakika 15 zinatosha. Ukishindwa kuongea naye kwa utulivu huku anakanda, amezidisha. Kitambaa cha moto kiwekwe kiunoni tu, baada ya kukijaribu kwenye mkono wake. Kisiguse mguu wenye ganzi: ngozi isiyosikia huungua bila wewe kujua. Pilipili na dawa za kuwasha zisifike hapo kwa sababu hiyohiyo.

Halafu angalieni maumivu yanakwenda wapi. Yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni ni habari njema, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo. Yakiteremka kuelekea unyayo, asimamishe hapohapo.

Siku moja uvimbe ukitokea kwenye shavu la mguu mmoja tu, pakawa na joto na maumivu, asiguse kabisa. Huenda ni damu iliyoganda ndani, na kukanda kunaweza kuipeleka mpaka kwenye mapafu. Wanaotoka kuzaa wako karibu zaidi na hatari hiyo, na wengi wao ni wateja wa Koko, basi ajue.

Sasa kununa kwake. Amesikia habari zako kwa watu, na mwenye miaka yote hiyo ya kukukanda lazima aumie. Nenda siku isiyo ya kukandwa, mchana, na sabuni au sukari unayompelekea kila mara. Usianze na picha ya hospitali wala maneno ya munganga. Mpe miguu yako miwili aishike: «Koko, nisaidie kusikia. Huu na huu ni sawa?» Mikono hiyo itatambua upande uliolegea kabla hujaeleza. Hapo ndipo umwambie: «Ukinikanyaga, ganzi inashuka mpaka hapa. Nataka uendelee kunishika, lakini hivi.» Umwonyeshe kwenye mkono wake nguvu unayoitaka. Ukienda kwa kine, yule wa mazoezi ya viungo, mwombe akusindikize aone mazoezi. Mzee aliyealikwa hanung'uniki sana kama aliyefichwa.

Na malipo yabaki yaleyale, hata kama kazi imekuwa nyepesi. Ukipunguza franka, ameshaelewa kuwa umemshusha, maneno yako mazuri hayatasaidia.

Akikataa katakata na kudai njia yake ndiyo moja, usilale mbele yake. Mtembelee, kuleni pamoja, watoto wamsalimie, mgongo uache nyumbani. Kumkubalia leo kwa aibu kutakulaza wiki nzima.

Wengi wenye shida hii hupata nafuu bila kupasuliwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Tembea kidogo kila siku, usilale kitandani mchana kutwa, mzigo wa sokoni abebe mwingine. Wiki ya sita ikifika bila nafuu, rudi kwa munganga.